Rejeta ikae wapi? Tumboni, chini ya bawa, kidevuni au ndani ya bawa

Mtu anapochora ndege ya injini ya pistoni inayopozwa kwa maji, mara nyingi rejeta humkuta ameshachoka. Injini imepata nafasi yake, bawa limepata umbo, rubani amepewa kiti, ndipo inaanza kutafutwa pembe iliyobaki ya kuchomeka rejeta. Wahandisi wa ndege za kivita za miaka ya 1930 na 1940 walijifunza kwa gharama kubwa kwamba pembe hiyo inaweza kuamua kama ndege itamfikia adui au itaachwa nyuma. Makala haya ni kwa yule ambaye bado ana penseli mkononi: mwanafunzi wa uhandisi mwenye mradi, mjenzi wa ndege ndogo, au mpenzi wa modeli kubwa zinazoruka. Nitaziweka njia kuu kando kwa kando, nizipime kwa ndege halisi, kisha niseme mimi ningechagua ipi.

Unacholipia hasa

Injini ya Rolls-Royce Merlin iliyoingia vitani mwaka 1939 ilitoa nguvu za farasi 1,030 hivi. Kwa injini za aina hiyo, joto linaloingia kwenye maji ya kupozea hukaribia nusu ya nguvu inayofika kwenye pangaboi, na lote lazima litupwe hewani. Ukiitundika rejeta nje wazi, upepo unapenya kwenye masega yake (vile vijia vyembamba vinavyopitisha hewa) kwa nguvu kubwa, na ukinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa kasi. Ndege ikienda mbio mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne, na nguvu ya kuushinda mara nane.

Dawa ni kuipunguza mwendo hewa kabla haijaigusa rejeta. Mto ukitoka kwenye korongo jembamba ukaingia bondeni, maji hutulia. Hewa nayo hutulia hivyo inapoingia kwa mdomo mdogo kwenye mfereji unaotanuka taratibu: kasi inashuka, shinikizo linapanda. Ikipita kwenye masega kwa moja ya tano ya kasi ya ndege, nguvu yake ya kusukuma inabaki moja ya ishirini na tano. Uwezo wa kubeba joto nao unapungua, ila si kwa kiasi hicho, kwa hiyo unafidia kwa rejeta pana zaidi. Baada ya masega, mfereji unabanwa tena na hewa inatoka nyuma kwa kasi.

Mwaka 1935, F. W. Meredith wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, alionyesha kwa hesabu kwamba hata joto lenyewe lina faida. Hewa iliyopashwa moto ikiwa chini ya shinikizo hutanuka, na ikitokea kwenye tundu lililobanwa vizuri hurudisha sehemu ya msukumo. Mjerumani Hugo Junkers alikuwa na wazo la rejeta ya namna hiyo tangu 1915.

Watu hupenda kulikuza jambo hili hadi rejeta ionekane kama injini ya jeti. Tupige hesabu. Kwa mwendo wa 0.6 ya kasi ya sauti, yaani kama kilomita 670 kwa saa kwenye kimo cha mita 7,600, sehemu ya joto inayoweza kugeuka kazi, hata mfereji ukiwa hauna hasara yoyote, ni kati ya asilimia 6 na 7. Joto lenye thamani ya farasi 600 litakurudishia farasi 40. Hiyo ni chenji ya maana, inapunguza sana bili ya kupoza. Ila kwa ndege ndogo inayokwenda kilomita 180 kwa saa, hesabu hiyo hiyo inatoa chini ya nusu ya asilimia moja. Tarakimu hii ndogo ikae kichwani, maana itaamua mambo huko mbele.

Chini ya bawa: Spitfire na Bf 109

Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza yenye injini ya Merlin, iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, ikiwa ni ile ya namba K5054. Reginald Mitchell aliiwekea rejeta ndani ya mfereji, chini ya bawa la kulia, akifuata mawazo ya Meredith yaliyokuwa bado mabichi. Kipoza oili kikakaa chini ya bawa la kushoto. Badala ya maji ilitumia glaikoli tupu, kimiminika cha kupozea kinachochemka karibu nyuzi 197, ili rejeta ifanye kazi ikiwa na joto zaidi na hivyo iwe ndogo. Baadaye Merlin zilihamia mchanganyiko wa maji asilimia 70 na glaikoli asilimia 30, ukiwa chini ya shinikizo ili usichemke mapema, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli.

Faida za mahali hapa zinaonekana haraka. Uzito unakaa karibu na kitovu cha ndege, mabomba si marefu sana, na bodi inabaki nyembamba. Lakini mdomo wa rejeta ya Spitfire ulibanwa kwenye bati la bawa. Kila bati linalokatiza hewani huvaa tabaka la hewa iliyochoka, iliyopoteza mwendo kwa kusuguana nalo. Tabaka hilo likiingia kwenye mfereji unaotanuka, linashindwa kupanda kilima cha shinikizo, linabanduka ukutani, na mfereji uliochorwa kwa ustadi unageuka chombo cha kuchemsha mavurugu. Sehemu ya rejeta inapata hewa, sehemu nyingine inakaa na njaa. Chenji aliyoiahidi Meredith inapotelea hapo.

Ardhini shida ilikuwa nyingine: rejeta ilikaa nje ya upepo wa pangaboi, na mguu wa gurudumu ukishushwa ulikinga sehemu ya mdomo. Rubani aliyecheleweshwa kwenye foleni ya kuruka alikuwa akiitazama mishale ya joto ikipanda. Toleo la Mk IX, lenye chaja (pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini) ya hatua mbili, lilihitaji pia kupoza hewa ya injini, kwa hiyo kila bawa likapata sanduku lake kubwa, na ukinzani ukaongezeka pamoja nalo.

Wajerumani walikuwa na rejeta mahali hapo hapo kwenye Bf 109 E, na kwenye toleo la F walifanya jambo ambalo ningemshauri yeyote aliige: walitengeneza njia ndogo ya pembeni, juu ya rejeta, ya kumeza lile tabaka lililochoka na kulitoa nyuma bila kupita kwenye masega. Rejeta zenyewe zikawa bapa zaidi, zimezama ndani ya bawa. Kwa hiyo ukiamua kuweka rejeta chini ya bawa, njia hiyo ya pembeni iwe kwenye mchoro wako tangu siku ya kwanza. Kuipachika baadaye ni kazi ngumu.

Kidevuni: P-40, Typhoon, Tempest V

Hii ndiyo njia ya fundi. Rejeta inakaa chini ya injini, nyuma tu ya pangaboi. Mabomba ni mafupi, uzito wake mdogo, upepo wa pangaboi unaipuliza hata ndege ikiwa imesimama, na fundi akifungua boneti anaona kila kitu. Kwa ndege inayofanya kazi kwenye vumbi na viwanja vya udongo, hizo ni sifa za kweli.

Bei yake ni mfereji mfupi. Kati ya mdomo na masega hakuna nafasi ya hewa kutulia, na hewa inayotoka nyuma yake inavurugika na kufagia tumbo zima la ndege. Kampuni ya Hawker ilitupatia ulinganisho mzuri mwaka 1943. Tempest I ilikuwa na rejeta kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, ikafika kilomita 750 kwa saa. Tempest V, yenye kidevu kikubwa kile kile cha Typhoon, iliishia karibu na 700. Injini hazikuwa sawa kabisa, ya kwanza ilikuwa Sabre IV na ya pili Sabre II, kwa hiyo si haki kuipa rejeta pengo lote. Hata hivyo ukiziangalia ndege hizo mbili kwa mbele, jicho lenyewe linakuambia nani anabeba mzigo. Na bado ni Tempest V iliyotengenezwa kwa wingi, maana Sabre IV ilichelewa, na hiyo ya kidevu ndiyo iliyokwenda kuwinda mabomu ya kuruka ya V-1 mwaka 1944.

Tumboni: Hurricane, kisha Mustang

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndege hizi mbili zina rejeta mahali pamoja na matokeo tofauti mno. Hurricane iliruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, rejeta yake ikiwa chini ya tumbo, karibu na rubani. Ilikuwa sanduku fupi lililoning'inia: mdomo, masega, kifuniko, basi. Anayedhani tumbo peke yake lina baraka aiangalie Hurricane.

Miaka mitano baadaye, tarehe 26 Oktoba 1940, huko California, NA-73X ya kampuni ya North American iliruka. Ndiyo iliyozaa P-51 Mustang. Edgar Schmued na wenzake walirudisha rejeta nyuma ya rubani, mahali ambapo bodi ina urefu wa bure, wakaujaza urefu huo kwa mfereji halisi. Hewa inaingia chini ya bawa, inapanda ndani ya bodi huku njia ikitanuka, inapita kwenye rejeta kubwa ikiwa imetulia, kisha inabanwa kuelekea kwenye mlango wa nyuma ambao thamostati, kifaa kinachofuata joto, inaufungua na kuufunga. Kwenye mwendo wa kasi mlango huo unakaribia kufungwa, na hewa inatoka kwa nguvu; kwenye kupanda na ardhini unafunguliwa sana.

Hawakupata sawa siku ya kwanza. Mdomo wa mwanzo ulimeza hewa iliyochoka kutoka tumboni, na kwenye P-51B yenye injini ya Merlin, marubani walisikia mngurumo wa kugonga kutoka chini yao. Ndege ilipelekwa kwenye handaki kubwa la upepo la kupimia ndege, katika kituo cha utafiti cha Ames, California, na dawa iliyopatikana ilikuwa ya kuchekesha kwa udogo wake: kushusha mdomo mbali zaidi na bati la tumbo na kuupa ukingo wake wa juu mwinamo, ili tabaka lililochoka lipite nje. Ule ufa wa sentimita chache unaouona kati ya mdomo na tumbo kwenye picha yoyote ya Mustang ni moja ya nafasi zenye thamani kubwa katika historia ya ndege hizi.

Sasa uilinganishe na Spitfire IX. Injini ni za familia moja ya Merlin zenye chaja ya hatua mbili. Mustang ilikuwa nzito kwa karibu tani moja, na bado ilikuwa na kasi zaidi kwa kama kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Wengi huupa sifa umbo la bawa lake, lililochorwa ili hewa ipite kwa utulivu. Lee Atwood, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa uhandisi wa North American, alishikilia hadi uzeeni kwamba rejeta ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Mimi nakubaliana naye. Bawa la namna ile linahitaji bati laini kama kioo. Vumbi, wadudu na vichwa vya ribiti vya ndege ya vitani huiharibu faida yake haraka. Mfereji ulioko ndani ya tumbo hauharibiwi na wadudu.

Hasara za tumboni zipo, na ni nzito. Mabomba yanatoka puani hadi nyuma ya rubani na kurudi, kwa hiyo risasi moja popote chini inaweza kumwaga maji yote. Vita vya Korea, ambako Mustang zilitumwa kushambulia chini chini, vilionyesha hilo kwa uchungu. Na rubani aliyelazimika kutua baharini alikuwa na mdomo mpana chini yake unaochota maji na kuivuta ndege kwenda chini. Kama mradi wako ni ndege ya kushambulia ardhini, tumbo si mahali pake.

Ndani ya bawa: Mosquito, Whirlwind, Hornet

Westland Whirlwind ilikuwa nayo tangu 1938, kisha de Havilland Mosquito iliyoruka tarehe 25 Novemba 1940, baadaye Hornet. Rejeta inafichwa ndani ya bawa, kati ya bodi na injini, na mdomo ni mpasuko kwenye ukingo wa mbele. Kwa upande wa hewa hapa ni pazuri kuliko pote. Ukingo wa mbele unakutana na hewa mbichi ambayo haijagusa bati lolote, kwa hiyo hakuna tabaka lililochoka la kuhangaikia. Hakuna sanduku linaloning'inia. Kwenye Mosquito mabomba ni mafupi kwa sababu injini iko jirani.

Ugumu wake ni nafasi. Kutoka ukingo hadi mhimili mkuu wa bawa ni karibu, na mfereji lazima ukae humo. Kila sentimita ya rejeta imeliibia tangi la mafuta. Kwa ndege ya injini mbili, kipande kile cha bawa kati ya injini na bodi ni kama kimeumbwa kwa kazi hii. Kwa injini moja lazima upitishe mabomba hadi kwenye mabawa yote mawili, na bawa liwe nene vya kutosha. Tempest I ilithibitisha kwamba inawezekana.

Duara mbele ya injini, na zile zisizo na mdomo

Focke-Wulf Fw 190 D ilivaa rejeta ya duara mbele ya injini ya Jumo 213, kiasi kwamba wengi waliitazama wakadhani ni injini ya nyota, yaani ile ambayo mitungi yake imepangwa duara. Injini na rejeta vinabadilishwa kama kifurushi kimoja, jambo ambalo mafundi hulipenda sana. Pua ilirefuka, ikabidi mkia nao uongezwe kipande cha kama nusu mita ili ndege isawazike. Ukiwa na injini nene au ya nyota tayari, mpangilio huu una mantiki. Kwa injini nyembamba ya V unajiongezea uso ambao hukuuhitaji.

Kuhusu kupoza kwa ngozi ya ndege yenyewe, nitasema machache. Supermarine S.6B ya 1931 na Macchi M.C.72, iliyofikia kilomita 709 kwa saa mwaka 1934, zilitandaza vipozeo juu ya mabawa na maboya. Heinkel He 100 iligeuza maji kuwa mvuke na kuupoza ndani ya mabawa. Machi 1939 ilifika kilomita 746 kwa saa. Ukinzani wa rejeta unakaribia sifuri. Lakini mrija mmoja ukipasuka bawa zima linavuja, na hakuna jeshi lililokubali kwenda vitani hivyo kwa wingi. Ni njia ya kuvunja rekodi, na kwa rekodi ni halali.

Uchague ipi

Kwa mradi wa ndege ya kasi yenye injini moja, inayopita kilomita 600 kwa saa, ningeweka rejeta tumboni nyuma ya rubani, kwa mfereji mrefu wa Mustang, na nisingesita. Kwa injini mbili ningeiweka ndani ya bawa kama Mosquito. Chini ya bawa ningekwenda tu kama bodi haina nafasi kabisa.

Kwa ndege ndogo ya kilomita 180 hadi 250 kwa saa, ninakuomba uache kuinakili Mustang. Ile chenji isiyofika asilimia moja haitalipa hata uzito wa mabomba marefu. Kidevu kilichochorwa vizuri kinakutosha, na faida yako itatoka mahali pengine: kuipunguza mwendo hewa kabla ya masega, na kuziba kila upenyo unaoruhusu hewa ipite kando ya rejeta badala ya kupita ndani yake. Mjenzi anayeacha nafasi ya vidole viwili kuizunguka rejeta amelipia hewa ambayo haimpozi chochote.

Halafu pima kwa hali mbaya, si kwa mwendo wa safari. Dereva wa lori anayepanda mlima Kitonga anaijua hali hiyo: injini inafanya kazi yote, gari linatambaa, upepo hakuna. Ndege inayopanda iko vile vile. Na ukipaa kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, karibu mita 1,690 juu ya bahari, hewa ina uzito pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani, kwa hiyo rejeta iliyotosha kwenye hesabu ya usawa wa bahari inaweza kukuangusha mchana wa jua.

Sehemu ambayo wajenzi wengi huisahau ni tundu la kutokea. Wanapanua mdomo wakidhani hewa itaongezeka, kumbe hewa inayopita inaamuliwa zaidi na njia ya kutoka. Ingiza mrija mwembamba wa plastiki mbele ya masega na mwingine nyuma yake, uunganishe kwenye mrija wa U wenye maji ya rangi, urekodi tofauti ya shinikizo ukiwa angani. Anza na tundu kubwa, lenye kifuniko kinachofunguka wakati wa kupanda. Kisha lipunguze kwa ukanda mwembamba wa bati kila safari, ukiangalia joto kwenye kupanda, hadi mshale ukaribie alama nyekundu. Hapo ondoa ukanda mmoja, na uliobaki uupige ribiti.